Shokapu Haibebi Gari

Gari likianza kuyumba, wa kwanza kusingiziwa ni shokapu. Zunguka gereji za Ngamiani hapa Tanga, barabara hadi barabara, utasikia maneno hayohayo: shokapu zimelala, shokapu zimekata, weka shokapu mpya gari litanyanyuka. Nami niliyaamini. Nikanunua shokapu nne mpya kwa ajili ya Toyota Altezza yangu ya mwaka 1999, nikazifungisha, asubuhi nikashika njia ya Muheza. Nilipokanyaga rasta, ile mistari ya vituta vidogo barabarani, usukani ukatetemeka mikononi vilevile kama jana yake, na nyuma kukagonga kama mtu anayebisha hodi. Kimo cha gari hakikuongezeka hata upana wa kidole.

Shokapu zenyewe hazikuwa na kosa. Nilikuwa nimezituma kazi isiyo yao. Ndani ya saspensheni, yaani vifaa vyote vinavyounganisha magurudumu na bodi, kila kifaa kina zamu yake, na kwa gari la kimichezo lililokwisha kula miaka ishirini na zaidi, ukichanganya zamu hizo utanunua vitu vizuri na gari litabaki bovu. Vijana wengi wa Tanga wana magari ya namna hii: Altezza, Celica, Impreza, Silvia mojamoja. Wanayapenda na wanataka kuyaboresha. Mimi pia natamani yaboreshwe, kwa sababu waliyaunda watu waliojali sana uendeshaji, na inaniuma kuyaona yanaoza chini ya mwembe baada ya kuharibiwa na mwenyewe kwa nia njema.

Anayebeba gari ni springi. Toboa shokapu, mafuta yote yamwagike, gari litabaki limesimama karibu palepale lilipokuwa. Gesi iliyomo ndani ya shokapu husukuma kidogo tu. Lakini springi ina tabia moja: ukiibonyeza na kuiachia haitulii. Inaruka juu, inashuka, inaruka tena. Gari lenye springi peke yake likipita tuta moja la Chumbageni lingefika Raskazone bado linacheza. Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake kuna pistoni inayosafiri katika mafuta, na mafuta yanalazimika kupenya kwenye vitundu vidogo vyenye vali. Ule msukosuko wa springi unageuka joto. Ukitoka njia mbaya, ishike shokapu kwa kiganja, utaukuta moto. Kwa hiyo springi hubeba, shokapu hutuliza. Gari lililolala chini upande mmoja lina ugonjwa wa springi au wa kikalio chake. Gari linaloendelea kuruka baada ya tuta lina ugonjwa wa shokapu.

Na lile linalogonga, kutangatanga na kuvuta upande ukikanyaga breki? Hilo mara nyingi ni la bushi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu magari mengi ya zamani yanaharibikia hapa bila mwenyewe kujua.

Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na huko nje iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kila gurudumu limeshikwa na mikono ya chuma ya juu na ya chini, mbele na nyuma. Ni mpangilio wa gharama, na ndio unaolifanya tairi likanyage lami sawasawa gari linapoinama kwenye kona. Lakini kila mkono unaungana na bodi kwa bushi, yaani bomba la chuma ndani ya bomba jingine, katikati mpira. Mikono mingi ni bushi nyingi. Na mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu pia miaka. Joto la pwani, mafuta yanayovuja toka kwenye injini na jua huufanya ukauke, upasuke na kuachana na chuma. Ndiyo maana gari lililotembea kidogo Japani linaweza kushuka bandarini likiwa linang'aa huku bushi zake zimeshakufa.

Aliyenionesha hilo ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu shokapu mpya zisizosaidia. Hakujibu. Alipiga jeki, akachukua mtaimbo, akauingiza kati ya mkono wa chini na bodi, akausukuma kwa kidole kimoja tu. Ule mkono ulisogea karibu nusu sentimita, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Viungo vimeachia. Ungeweka hata shokapu za dhahabu."

Nusu sentimita pale kwenye bushi maana yake gurudumu linaamua lenyewe lielekee wapi. Ukikanyaga breki linarudi nyuma, ukikanyaga mafuta linakwenda mbele, ukipita rasta linatikisika. Usukani unakuwa mlegevu na wewe unadhani gari limezeeka. Kilichozeeka ni vipande vya mpira unavyoweza kuvijaza kwenye kikapu cha sokoni. Alikagua na boljointi ya chini, ile kokwa ya chuma inayounganisha mkono na gurudumu. Kwenye gari la mtindo huu springi imekalia mkono wa chini, kwa hiyo uzito wa pembe ile yote unapita kwenye kokwa hiyo. Ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, tairi linakunjika chini ya fenda na usukani hauna kazi tena. Kifaa hiki hakiwekwi kwenye orodha ya "nikipata hela." Kikicheza, gari halitoki gereji.

Mzee alikuwa na kazi nyingi wiki ile, nikapeleka bushi mpya kwenye gereji nyingine iliyokuwa karibu na nyumbani. Walizifunga kwa siku moja. Masika hayajaisha, kule kugonga kwa nyuma kukaanza tena. Nilirudi kwa mzee, tukazitoa: bushi mpya kabisa, mpira umechanika duara.

Sababu yake inafaa ijulikane na kila anayefungiwa bushi. Mpira wa bushi ya kawaida umeshikana na chuma cha ndani na cha nje. Hauzunguki, unajisokota. Bolti ikikazwa, chuma cha ndani kinabanwa na bodi na hapo ndipo mpira unapopata "sifuri" yake, mahali pa kupumzika. Sasa pale gereji walikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Sifuri ikawekwa mkono ukiwa umeelekea chini. Gari liliposhushwa mikono ilipanda, na kila bushi ikabaki imejisokota hata gari likiwa limeegeshwa. Likigonga tuta inasokotwa zaidi ya uwezo wake. Mzee yeye aliingiza bolti zote kwa mkono, akashusha gari juu ya mbao ili likae kwa uzito wake, akalisukumasukuma litulie, kisha akashuka shimoni na spana ndefu na kukaza moja baada ya nyingine. Tofauti ya gereji hizo mbili haikuwa vifaa. Ilikuwa hatua moja, tena ya nusu saa.

Kuna bushi za poliurethani, ngumu zaidi, za rangi nyekundu au njano, ambazo vijana wanazipenda. Ni nzuri kwa maana usukani unajibu haraka, na hazisokotwi bali huzunguka juu ya grisi. Ila grisi ikikauka zinalia kama mlango wa ghala, na kila kijiwe cha barabarani unakisikia kitini. Mimi ningeziweka mbele kwenye mkono wa chini, nyuma nikabaki na mpira. Kwa kiungo kinachojipinda pande mbili kwa pamoja, poliurethani inaweza kukibana kisicheze inavyotakiwa, na hapo umeharibu ulichokusudia kutengeneza.

Bushi zikishakuwa sawa, endesha gari mwezi mzima kabla hujanunua kingine. Wengi watagundua kwamba gari walilotaka kuliboresha lilikuwa tayari zuri, lilikuwa linaumwa tu.

Ukiona bado linalala sana kwenye kona, ndipo tuzungumzie springi. Hapa mji mzima una njia moja ya mkato: kukata. Msumeno, au mbaya zaidi moto wa gesi, mzunguko mmoja unatolewa, gari linashuka, linapendeza machoni. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Yenye mizunguko sita ukikata mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Watu wanadhani imelegea kwa sababu ni fupi, kumbe imekaza. Lakini safari ya gurudumu imepungua zaidi ya ule ugumu ulioongezeka, kwa hiyo gari linagota, yaani gurudumu linafika mwisho wa safari yake na kugonga. Mwisho uliokatwa haukai vizuri kwenye kikalio, na ukipiga jeki springi inaweza kuchomoka mahali pake. Moto ndio msiba wenyewe: chuma cha springi kilichemshwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo maalumu ili kiwe na mnyumbuko, na gesi inauua mnyumbuko huo. Springi ya moto huendelea kushuka yenyewe mwezi hadi mwezi.

Springi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hupata ugumu wake kwenye unene wa waya. Na unene una nguvu kuliko macho yanavyoona: ugumu unapanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 12 ukiufanya wa milimita 13, vingine vyote vikibaki vilevile, springi inakaza kwa asilimia 38 hivi. Milimita moja! Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kwenye meza ya muuza spea zinaweza kuwa za magari mawili tofauti kabisa. Pima kwa vernia, kile kipimo cha unene, usipime kwa jicho.

Halafu kuna namba zinazoandikwa kwenye springi za Kijapani, kilo kwa milimita. Ya 8 inahitaji kilo nane ili ishuke milimita moja. Mwenye Altezza anamwona mwenye Celica ana 5 anamcheka. Asimcheke. Mbele ya Celica kuna stratu, yaani shokapu na springi katika nguzo moja inayoshika gurudumu, ule mtindo uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na springi imesimama karibu kabisa na gurudumu. Kwenye Altezza springi imekaa ndani zaidi, katikati ya mkono, kama mtu anayenyanyua kitanda kwa kushika katikati badala ya kwenye mguu wake. Tuseme gurudumu likipanda sentimita kumi, springi inabanwa saba. Ule uwiano wa 0.7 unazidishwa kwa wenyewe, unapata 0.49. Basi ile 8 yako, tairi linaihisi kama 3.9. Ile 5 ya Celica, kwa uwiano wa 0.95, inahisiwa kama 4.5. Namba ndogo imeishinda namba kubwa. Namba ya springi haina maana mpaka ujue imekaa wapi.

Ukikaza springi, shokapu lazima ibadilike nayo. Ya zamani ilipimwa iitulize springi laini; ukiipa ngumu inaelemewa, na gari linakuwa gumu na lenye kurukaruka kwa wakati mmoja, jambo linalowashangaza wengi. Kosa la upande wa pili ni kukaza shokapu kupita kiasi, na hakuna mwalimu wa hili kama rasta zetu. Shokapu huwa na kazi mbili, kuzuia wakati wa kubanwa na kuzuia wakati wa kurudi, na ile ya kurudi hufanywa ngumu zaidi. Ikizidi, tairi linapigwa na mstari wa kwanza linapanda, na kabla halijapata muda wa kushuka mstari wa pili umeshafika. Wa tatu, wa nne. Kila mstari gari linazama zaidi, mpaka linakuwa limekalia mipira ya kugota, na hapo huna saspensheni tena, una mkokoteni. Kijana aliyegeuza kitasa cha koilova, yaani shokapu iliyovikwa springi na inayoweza kurekebishwa, mpaka mwisho kwa kudhani ndiyo "spoti" analaumu barabara. Arudishe mibofyo kadhaa, apite palepale kwa mwendo uleule, atakutana na gari jingine.

Kwenye koilova kuna imani nyingine ya kufukuza: kwamba ukikaza ile ringi ya chini unaifanya springi iwe ngumu. Hapana. Springi ya kawaida ya mizunguko iliyo sawa ina ugumu mmoja, uibane uisibane. Ringi inabadilisha kimo tu, au safari iliyobaki. Na kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, nyuzi za koilova zitashika kutu mpaka ringi isigeuke hata kwa nyundo. Zisugue kwa brashi ya waya, paka grisi, vika kifuniko cha mpira, na zungusha ringi mara moja kila baada ya miezi michache hata kama huna la kurekebisha.

Sasa suala la kushusha, linaloamsha hisia za watu. Mimi si adui wa gari lililokaa chini kidogo. Sentimita mbili zinapunguza kulala kwenye kona na Altezza inapendeza nazo. Lakini kama gurudumu lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla ya kugota na wewe ukashusha nne, umebakiwa na nusu ya safari kwenye mji wenye matuta yaleyale. Kwa magari ya stratu ni zaidi ya hapo: mkono wa chini ukishapita ulalo na kuelekea juu, gari linataka kulala zaidi kwenye kona, si pungufu, na usukani unajikunja wenyewe gurudumu linapopanda. Mtu ameshusha gari ili likamate lami, kumbe amelinyima.

Tukumbuke historia yetu wenyewe. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 yalishindwa na Datsun 240Z ya Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z nyingine. Celica za Björn Waldegård na Juha Kankkunen zikatawala 1984 hadi 1986. Yalikuwa magari ya kimichezo hasa, na yalikuwa yamenyanyuliwa: springi zenye safari ndefu, shokapu imara, na nafasi ya kutosha chini ya tumbo. Waliozijua barabara za Afrika Mashariki kuliko mtu mwingine yeyote walilipa fedha nyingi kupata kile ambacho sisi tunakikata kwa msumeno.

Stabilaiza nitaipitia upesi. Ni fimbo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Inafanya kazi gari linapolala upande, inatulia magurudumu yote mawili yakipanda pamoja. Kuinenepesha ni njia ya bei nafuu ya kuzuia kulala. Usianze na ya nyuma. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na fimbo nene nyuma pekee inapunguza mshiko wa nyuma. Lami ya kwanza kuloa baada ya kiangazi, mkia utakutangulia.

Kila ukigusa bushi, springi au kimo, malizia kwenye alaimenti, yaani kupima mielekeo ya magurudumu. Vipimo vitatu. Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani, unaoufanya urudi wenyewe katikati. Kemba ni tairi kuinamisha kichwa ndani au nje. Kwa gari la barabarani linalopenda kona, digrii moja hadi moja na nusu kwa ndani inatosha. Cha tatu ni matairi kutazamana au kupeana mgongo, na hiki ndicho kinachokula matairi. Wengi wanaona tairi limeisha upande wa ndani wanailaumu kemba, kumbe matairi yanapeana mgongo tangu siku gari liliposhushwa.

Na tairi lenyewe soma umri wake. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno) nzuri na umri wa miaka kumi limekauka kama zile bushi, na kazi yako yote inaishia kwenye mpira usioshika. Rimu kubwa nazo zina gharama, kwa kuwa huja na tairi la ubavu mfupi: tairi la 215/45 (upana wa milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo) lina ubavu wa milimita 97 hivi, la 225/40 lina 90. Milimita saba za hewa ulizozitoa ni springi pia, na ulikuwa nayo bure.

Tulipomaliza gari langu, bushi za mpira nyuma, poliurethani chini mbele, springi ngumu kidogo, kimo kimeshuka sentimita mbili, mzee alifunga kijikamba cha plastiki cha kubania waya kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele, kikiwa kimegusa mwili wa shokapu. Fimbo ikizama kinasukumwa, ikirudi kinabaki. Nikaenda Mombo, nikapanda kilomita zile thelathini na kitu za kona kwenda Lushoto, nikapita Soni bila kupunguza kuliko kawaida, nikarudi Tanga jioni. Usukani ulikuwa kimya. Kwenye kona ya kushuka ambayo zamani ilikuwa ikinifanya nishike usukani kwa nguvu, nilishika kwa vidole.

Asubuhi mzee akaleta futikamba. Kutoka kwenye kijikamba hadi mpira wa kugota, kulia zilibaki sentimita tatu. Kushoto, moja na nusu.

"Kushoto ndiko kwenye mashimo ya pembeni ya lami," akasema. "Upande huu pandisha nusu sentimita, kisha rudi alaimenti."

Aliziandika namba zote mbili kwa chaki chini ya boneti, na tarehe.